Sanamu za udongo na bahari ya Tanga: maswali yanayoulizwa mara kwa mara

Maswali haya ndiyo yanayorudi kila mara kwa wanaofinyanga sanamu za bahari huku Tanga, na kwa wanaotamani kuanza. Yanakwenda kutoka ya mwanzo kabisa hadi yale yanayowakuta waliokwisha kuchoma mara nyingi. Utaona jambo moja likijirudia: bahari haiingii kwenye sanamu kwa umbo tu. Inaingia kwa chumvi yake, kwa makombe yake na kwa unyevu wa hewa yake. Usipovijua vitu hivyo vitatu, umbo hata liwe zuri namna gani halitatoka tanurini likiwa zima.

## Mwanzo

1. Je, lazima nijue kufinyanga vyungu kabla ya sanamu?

Si lazima, ila mikono yako inahitaji kujua unene. Finya vyungu kumi vidogo kwa kidole gumba, kila kimoja ukubwa wa kifuu, kuta zikiwa na unene wa nusu sentimita. Kabla havijakauka, vikate vyote katikati kwa mshipi wa kuvulia utazame ukuta. Wengi hukuta kitako kina sentimita mbili na mdomo una milimita tatu. Tofauti hiyo ndiyo chanzo cha nyufa nyingi zinazolaumiwa kwa udongo mbaya. Kufikia chungu cha kumi, kidole kitakuwa kimeshaujua unene chenyewe.

2. Nikitoka kwenye kuchora samaki, mawazo ya bahari nayapata wapi?

Nenda pwani wakati wa bamvua, siku za mwezi mwandamo au mwezi mpevu, maji yanapokupwa mbali kuliko kawaida. Beba ubao wenye bamba la udongo mbichi la sentimita mbili. Gandamiza udongo kwenye mwamba, kwenye kamba ya nazi ya ngalawa, kwenye mchanga uliochorwa na mawimbi, kisha ondoka na alama hizo. Kiumbe hai kiache palepale.

Nchi kavu nako kuna somo. Magofu ya Tongoni, kusini mwa mji, yana msikiti na makaburi ya nguzo yaliyojengwa kwa mawe ya matumbawe. Ukitazama kwa karibu pale lipu ilipobanduka utaona vijumba vya matumbawe vilivyo wazi, safu kwa safu, kama sega la nyuki. Na vigae vya kale vya pwani yetu, vya takriban karne ya 6 hadi ya 10, vina pembetatu zilizokwaruzwa shingoni mwa chungu. Huo ni urithi wa mfinyanzi yeyote wa pwani, na unafaa kabisa kuwa magamba au mawimbi.

Hata lugha imeshatutangulia. Neno kauri tunalitumia kwa yule konokono wa baharini anayeng'aa, na tunalitumia kwa vyombo vyeupe vya Kichina. Mwenye kuokota kauri ufukweni ameshaona mng'ao anaoutafuta.

3. Vifaa vya kuanzia ni vipi?

Mshipi wa kuvulia uliofungwa vijiti viwili mwishoni, wa kukatia udongo. Ganda la kombe lenye ukingo mzima, la kukwangulia. Kauri au jiwe laini la mtoni, la kung'arishia. Kisu kilichochakaa, msumari, kipande cha mwanzi, dodoki, na ndoo mbili za lita 20 zenye mfuniko. Mifuko ya plastiki ya kubebea bidhaa ilipigwa marufuku nchini tangu Juni 2019, kwa hiyo kazi mbichi ifunike kwa kanga iliyoloweshwa na kukamuliwa, halafu juu yake uifudikize ndoo au beseni.

## Udongo

4. Tope la mikokoni ni laini sana. Kwa nini nisilitumie?

Kwanza, misitu ya mikoko ni hifadhi, na kuchimba kwenye mizizi yake kunaiua. Pili, hata ukiletewa bure litakuangusha. Tope lile ni jeusi kwa sababu limejaa mabaki ya majani yaliyooza, nalo linanuka yai bovu kwa sababu ya salfa. Chembe zake ni ndogo mno, hivyo husinyaa sana na kupasuka likikauka. Chumvi yake husafiri na maji hadi juu ya sanamu na kuacha ukoko mweupe. Ukitaka lile vumbi lake la kijivu kwa rangi, kuna njia nyingine (tazama swali la 14).

5. Udongo unaofaa nitaujuaje?

Tafuta bonde la mto, mbali na pale maji ya chumvi yanapofika. Ondoa udongo wa juu wenye mizizi, chukua wa chini unaonata. Kisha ufanyie majaribio haya kabla ya kubeba magunia:

Sokota kamba nene kama penseli uizungushe kidoleni. Ikikatika, udongo una mchanga mwingi. Ikipinda bila ufa, endelea. Dondoshea maji ya ndimu au siki kwenye bonge kavu. Ukitoa povu, una chokaa (tazama swali la 6). Mwisho tengeneza bamba la sentimita 14 kwa 4, lichore mstari wa sentimita 10 kamili, likaushe, lichome, kisha pima mstari tena. Ukikuta sentimita 8.8, udongo wako unasinyaa asilimia 12. Namba hiyo iandike ukutani. Sanamu unayoitaka iwe sentimita 50 baada ya moto lazima uifinyange ikiwa karibu sentimita 57, yaani 50 ugawe kwa 0.88.

6. Udongo wangu unatoa povu kwenye ndimu. Niutupe?

Usiutupe bado. Tanga imekalia mawe ya chokaa. Mapango ya Amboni yamechongeka humo humo na saruji inatengenezwa kutokana nayo. Chokaa iliyosagika na kuenea sawasawa haina madhara makubwa. Hatari ni punje: kipande cha kombe au cha jiwe chenye ukubwa wa mbegu ya mchicha au zaidi.

Loweka udongo hadi uwe uji, uchuje kwenye wavu wa mbu wa dirishani, kisha kwenye kitambaa chenye matundu madogo zaidi. Uache utuame, mwaga maji ya juu, weka mengine ya baridi, rudia mara tatu. Hapo umeondoa punje na pia chumvi nyingi. Kinachotokea ukiziacha punje kimeelezwa katika swali la 10.

7. Chenga za vigae ni za nini, na niweke kiasi gani?

Chenga ni vigae vya vyungu vilivyokwisha kuchomwa, vikatwangwa na kuchekechwa. Haziwezi kusinyaa tena, kwa hiyo hupunguza msinyao wa udongo wote, na huacha njia ndogo ndogo za mvuke kutoka. Kwa sanamu changanya ndoo tatu za udongo na ndoo moja ya chenga zinazopita kwenye wavu wa dirishani. Kwa sanamu ndogo ya chini ya sentimita 20, nusu ya kiasi hicho inatosha, tena chenga laini.

Twanga vigae vikiwa vimenyunyiziwa maji, na ufunge pua na mdomo. Vumbi lake lina silika, linabaki mapafuni na haliponi. Kwa sababu hiyohiyo usipige msasa sanamu kavu. Ifute kwa dodoki lenye maji.

## Kuumba

8. Nitafinyangaje silikanti ambaye watu wa Tanga watamtambua?

Huyu, samaki wa kale wa maji marefu, ndiye anayeulizwa kuliko wote, na ni haki yake. Hifadhi ya Bahari ya Silikanti Tanga ilitangazwa mwaka 2009 kwa ajili yake, na wavuvi wa hapa wamekuwa wakimpata kwenye nyavu za maji marefu.

Kosa la kwanza ni kumpa mapezi ya changu. Silikanti ana mapezi yenye shina la nyama, kama kiganja kilichoota kwenye mkono mfupi. Mawili kifuani, mawili tumboni, moja la pili mgongoni na moja la nyuma chini. Pezi la kwanza la mgongoni pekee ndilo halina shina, limesimama kama upepeo. Mkia nao una kipande kidogo kinachochomoza katikati, mwishoni kabisa. Ukivisahau hivyo umefinyanga samaki mwingine.

Kwa mwili, tandaza mabamba mawili ya unene wa sentimita moja. Yalaze kila moja juu ya gunia la mchanga ulilolipa umbo la ubavu, uyaache saa kadhaa mpaka yakaze kiasi cha kusimama bila kunata. Kwaruza kingo, paka uji wa udongo huohuo, yaunganishe. Ndani kuwe tupu. Toboa tundu la milimita 5 au zaidi chini ya tumbo. Mashina ya mapezi ukiyafanya matupu, yatoboe yawasiliane na tumbo, maana kila chumba kilichofungwa kinahitaji njia ya hewa.

Magamba yaanzie mkiani kwenda kichwani, kama fundi anayeezeka makuti anavyoanza chini kabisa ya paa. Kata mwanzi mshazari, ugandamize nusu mwezi. Safu inayofuata ifunike mzizi wa ile ya nyuma. Ukianzia kichwani, kila safu mpya itaponda iliyotangulia. Magamba yake ni mazito na yana mikwaruzo, hivyo baada ya kugandamiza yaguse kwa dodoki kavu.

Kisha funga ncha za mapezi kwa kitambaa chenye unyevu. Ncha ni nyembamba, hukauka mapema, husinyaa kabla ya mwili na kujikata kwenye shina. Kitambaa hicho kikae mpaka mwili uanze kubadilika rangi. Hapo ndipo silikanti wengi hupotezea mapezi yao, wala si tanurini.

9. Matawi ya matumbawe yanavunjika kila mara. Nifanyeje?

Kuna njia mbili. Ya kwanza ni udongo wa karatasi: loweka karatasi za choo au magazeti, saga yawe uji, kamua, changanya sehemu moja ya uji huo na sehemu tatu za udongo laini kama maziwa mgando. Nyuzi za karatasi hushika matawi yakiwa mabichi, na unaweza kubandika tawi bichi kwenye kavu, jambo ambalo udongo wa kawaida haukubali. Kwa joto letu mchanganyiko huu huanza kunuka baada ya siku chache, basi tengeneza wa wiki moja tu.

Njia ya pili ni dodoki. Kata dodoki kavu, litumbukize kwenye uji wa udongo mzito kama uji wa mtoto, likamue kidogo, lining'inize likauke, rudia mara tatu au nne. Kwenye moto dodoki linaungua na kubaki mtandao wa udongo wenye matundu, unaofanana na tumbawe kuliko chochote kinachochongwa kwa mkono. Ni tete. Liweke kwenye kiti cha udongo mnene na ulichome mahali pa wazi, kwa sababu linatoa moshi mwingi.

10. Naweza kupachika makombe halisi kabla ya kuchoma?

Usipachike. Kombe ni kalisi kabonati. Likipita takriban nyuzi 800 hadi 900 za Selsiasi linageuka chokaa mbichi, kama mawe ya matumbawe yanavyochomwa kupata chokaa ya kujengea. Sanamu itatoka tanurini ikiwa nzuri. Baada ya siku tatu, au wiki tatu, chokaa inakunywa unyevu wa hewa, inavimba, na kubandua kigae cha udongo mviringo chenye nukta nyeupe katikati. Punje zilizofichika katika swali la 6 hufanya vilevile.

Bonyeza kombe, liondoe, alama ibaki. Ukilitaka kombe lenyewe, libandike kwa gundi baada ya moto. Na liwe tupu, lililookotwa ufukweni. Usichukue matumbawe wala magamba ya kasa, kwa sababu sheria inayalinda.

Kama sanamu imeshachomwa na una wasiwasi na punje, itumbukize kwenye maji safi ikiwa bado na uvuguvugu, uiache saa nzima. Maji mengi kwa pamoja hugeuza chokaa kuwa laini kabla haijapata nguvu ya kusukuma. Wafinyanzi wa sehemu kadhaa duniani wenye udongo wa chokaa huukanda kwa maji ya chumvi kwa sababu hiyohiyo, lakini utalipia kwa ukoko mweupe wa swali la 13.

11. Je, niweke nondo au waya ndani ili isimame?

Waya unaobaki ndani utaipasua: udongo unasinyaa, chuma hakisinyai. Tumia magazeti yaliyokunjwa, yataungua yenyewe, au kijiti utakachokichomoa udongo ukikaza.

## Kukausha na kuchoma

12. Imekauka wiki nzima, mbona imelipuka?

Haikuwa imekauka. Hewa ya Tanga ina unyevu mwingi, na udongo hauwezi kukauka kupita hewa inayouzunguka. Iguse shavuni: ikiwa baridi, bado maji yamo. Sanamu yenye ukuta wa sentimita moja ipe wiki mbili hadi tatu kivulini, na wakati wa masika zaidi. Usiianike juani wala mbele ya upepo wa kusi, kwa kuwa upande mmoja utakimbia kabla ya mwingine.

Halafu, hata ikiwa kavu, ipashe joto chini ya nyuzi 100 kwa saa sita au zaidi. Maji yakichemka ndani ya ukuta hugeuka mvuke wenye nguvu ya kurusha vipande. Baada ya hapo panda taratibu mpaka upite nyuzi 600, maana kati ya 350 na 600 udongo unatoa maji yaliyofungwa ndani ya chembe zake, na kwenye nyuzi 573 chembe za kwazi (yale madini ya mchanga) hutanuka ghafla. Wakati wa kupoa zinasinyaa ghafla kwenye kipimo kilekile, kwa hiyo anayefungua tanuri mapema akisikia "tin!" ndogo ameshaipoteza kazi yake.

13. Ukoko mweupe juu ya sanamu ni kitu gani?

Ukiwa umeenea kama vumbi, hasa kingoni na sehemu zilizochomoza, ni chumvi iliyobebwa na maji wakati wa kukauka. Kwenye sanamu mbichi na kavu ufute kwa dodoki lenye maji safi. Ukishachomwa huwa umeshikamana. Ama uukubali kama sura ya kazi, ama uufunike kwa rangi. Dawa ni kuosha udongo mapema (swali la 6) na kutokanda kwa maji ya kisima cha pwani. Ukiwa ni nukta zenye mashimo, hiyo ni chokaa, rudi swali la 10.

14. Nachomaje shimoni kwa mwani na chumvi?

Hapa chumvi, adui wa maswali yaliyopita, ndipo anapogeuka mwenzako. Anza na sanamu iliyokwisha kuchomwa mara moja kwenye tanuri hadi nyuzi 800 au 900. Iwe uliing'arisha kwa kauri ilipokuwa imekaza, kwa mizunguko midogo, mpaka ikaakisi mwanga.

Chimba shimo la kina cha sentimita 70 mahali pakavu. Chini weka maranda ya mbao sentimita 10. Lowesha mwani kwa maji ya chumvi nyingi, ukaushe, uufunge kwenye sanamu kama kamba, kwa sababu pale unapogusa ndipo patakapotoka alama za rangi ya machungwa na waridi. Waya wa shaba uliozungushwa huacha mistari, mara nyekundu, mara nyeusi. Nyunyiza nusu kikombe cha chumvi ya mawe kwenye maranda, panga sanamu zisigusane, jaza makumbi na vifuu, juu kabisa weka kuni kavu. Washa kutoka juu.

Moto ukishuka, baada ya saa nne hadi sita, funika kwa bati na uache mpaka kesho yake. Makumbi yanayofuka bila hewa ndiyo yanayoleta ule weusi na kijivu cha tope la mikokoni. Simama upande upepo unakotoka, maana moshi wa chumvi unaunguza koo na macho. Watoto wakae mbali. Siku ya kusi kali ahirisha: moto utakwenda upande mmoja na sanamu itapasuka.

Kazi iliyochomwa hivi hupitisha maji, nayo si ya kulia chakula.

15. Umeme umekatika katikati ya kuchoma. Nifungue nitazame?

Usifungue. Ziba matundu yote ya tanuri, usubiri. Kama ni uchomaji wa kwanza, umeme ukirudi endelea kutoka joto lililopo, hakuna kilichoharibika. Kama ni uchomaji wa glezi, yaani mpako unaoyeyuka motoni kuwa kama kioo, na haikuwa imeyeyuka, panda tena hadi joto lilelile ulilokusudia.

## Rangi

16. Napataje buluu ya bahari kwenye udongo mwekundu?

Udongo mwekundu hula buluu na kuifanya kahawia. Paka kwanza uji mweupe wa kaolini, udongo mweupe kama ule wa Pugu, wakati udongo umekaza lakini bado una unyevu. Ukipaka kwenye udongo mkavu utabanduka kama magamba. Choma, kisha paka glezi.

Kwa buluu ya kina kirefu, oksidi ya kobalti asilimia 0.5 hadi 1 ya uzito wa glezi inatosha. Ikizidi inakuwa nyeusi. Kwa rangi ya maji ya kina kifupi, ile feruzi ya juu ya mchanga mweupe, tumia kaboneti ya shaba asilimia 2 hadi 3 kwenye glezi yenye soda nyingi. Glezi za namna hiyo hupata nyufa nyembamba kama nywele. Kwenye chombo cha chakula ni kasoro, kwenye sanamu ya maji huonekana kama mwanga unaocheza. Risasi usiitumie kabisa, na betri chakavu usiziguse.

## Baada ya tanuri

17. Sanamu inaweza kukaa uwanjani mbele ya bahari?

Inaweza ikiwa imechomwa juu, nyuzi 1150 au zaidi, kwa udongo unaostahimili. Iliyochomwa chini hunyonya unyevu wenye chumvi. Jua likitoka, maji yanaondoka na chumvi inabaki ndani ya vitundu, inakua, inasukuma, na uso unaanza kumomonyoka kama biskuti. Ukiona dalili hiyo, iloweke kwenye maji baridi wiki nzima ukibadilisha maji kila siku, ikauke, kisha ihamie ndani.

18. Naweza kuizamisha baharini iote matumbawe?

Bila kibali cha wasimamizi wa bahari, hapana, na ndani ya hifadhi ndiyo kabisa. Uombe kwanza, na usipeleke kitu chenye rangi ya shaba, ambayo huua viumbe vidogo vinavyotakiwa kushika.

19. Pezi limevunjika njiani kwenda Dar. Linarudishika?

Usiunge kwa udongo mbichi ukachoma tena. Utasinyaa na kuachia. Safisha vumbi kwa brashi kavu, tumia gundi ya epoksi ya sehemu mbili. Kwa pezi zito, toboa pande zote mbili, ingiza kipini cha chuma cha pua. Kile cha kawaida kitapata kutu kwa hewa yetu, kivimbe na kupasua ulichotibu. Shikilia kwa kuchomeka pezi kwenye beseni la mchanga mkavu mpaka gundi ikauke, na mwanya uliobaki uuzibe kwa epoksi iliyochanganywa na chenga laini za udongo uleule.

Safari ijayo, jaza maranda kwenye sanduku, halafu sanduku hilo liingie ndani ya lingine lenye makumbi pande zote sita. Sanamu ilale kwa tumbo lake, kamwe isiegemee pezi.